Dereva wa Bwana Harrington

Nashville, 12 Machi 1961

Kaka Lemuel,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe na wifi Corinne, na wanangu Clifton na Nadine nawabusu mashavu yote mawili. Mimi mzima. Jela ya juma lililopita ilikuwa na baridi, lakini tulikuwa wasichana wengi katika chumba kimoja, tukaimba mpaka askari akatuomba kwa upole tulale. Kosa letu ni lile lile: kuketi kwenye kaunta ya mkahawa wa Wazungu na kuagiza kahawa. Mama amenipigia kutoka Macon kwa simu ya jirani. Goti linamsumbua, ila kwaya haachi. Analalamika kwamba binti aliyempeleka chuoni akawe mwalimu amekuwa mfungwa. Nimemwambia mtu anaweza kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja.

Mama huyo huyo ndiye aliyenipa habari iliyoninyima usingizi. Ati kiangazi hiki, mwaka huu wa mia moja tangu Kaskazini na Kusini zipigane, mwaka ambao bendera za watesi wetu zimetolewa sandukuni na kupigwa pasi, wewe utawapakia watoto garini uwatembeze kwenye mahali pa kumbukumbu: viwanja vya vita, sanamu, majumba ya marais.

Kaka, nani aliyefyatua matofali ya majumba hayo? Nani aliyewasha meko yake alfajiri, na nani aliyebeba maji ya kumwosha mwenye nyumba? Utawalipia watoto kiingilio waingie katika nyumba ambayo babu wa babu yao aliijenga bure? Waonyeshwe kitanda cha bwana, na mahali alipolala mtumwa waambiwe ni stoo?

Lakini wewe ni mkubwa, na gari ni lako. Ombi langu ni moja. Nawajua nyinyi ndugu zetu mliohamia Kaskazini. Kila kiangazi mnateremka huku na magari yanayong'aa, na chini ya kiti mmeficha kofia nyeusi ya udereva, yenye ukingo unaometa. Askari wa Kusini hawezi kumvumilia mtu mweusi mwenye gari zuri. Basi mnavaa kofia, na papo hapo gari linakuwa la bosi, mke anakuwa mpishi wa bosi, na watoto wanakuwa wa mpishi. Usiivae kofia hiyo mbele ya Clifton. Mtoto yule hana shujaa mwingine ila wewe. Akikuona umeinama mara moja, hutanyooka tena machoni pake.

Mdogo wako mwenye ukaidi,
Ardelia


Detroit, 9 Aprili 1961

Kwa Mheshimiwa Mfungwa, mdogo wangu Ardelia,

Barua yako ilifika ikiwa bado ya moto. Corinne aliishika kwa kitambaa. Sisi hatujambo. Theluji imeyeyuka na kuacha matope. Nadine ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa kila akisema "Yesu" kanisani hutoka mluzi, mpaka mchungaji amecheka katikati ya sala. Kiwandani nimehamishiwa kufunga milango ya magari. Milango mia kwa mia inapita mbele yangu na hakuna hata mmoja unaofunguka kwenda popote.

Sasa sikiliza, maana na mimi nina ulimi ingawa sikusomea. Clifton anawajua marais wote kwa mfuatano, kwenda mbele na kurudi nyuma. Mwalimu wake amemwambia mtoto wa akili kama yake anapaswa kuyaona kwa macho yale anayoyasoma. Juzi, tukila, akaniuliza:

"Baba, ulipokuwa Korea ulipigania nchi gani?"

"Hii hii."

"Umeiona yote?"

"Nimeiona Detroit, Macon, na kambi ya jeshi."

"Sasa ulijuaje kama inafaa kupigiwa vita?"

Wewe mwenye digrii nusu, ungemjibu nini? Mimi nilisema, "Kula maharage yako, tutakwenda kuitazama."

Unasema matofali ni yetu. Kama matofali ni yetu, nyumba ni yetu. Na mwenye nyumba haogopi kuingia kwake. Tutaanzia Gettysburg, kisha Washington, kisha jumba la rais mmoja huko Virginia ambalo Clifton amelichora mara nyingi kuliko nyumba yetu. Halafu Macon kwa Mama, na wakati wa kurudi tutapitia uwanja mmoja wa vita mpakani mwa Georgia na Tennessee. Corinne atakaanga kuku na kuchemsha mayai, atayapanga kwenye maboksi ya viatu, kwa kuwa hakuna mkahawa utakaotuuzia. Debe la Nadine la kujisaidia tumeshalinunua. Kulala tutalala kwa watu wa kanisa, mji hadi mji.

Kuhusu hayo mengine uliyoyaandika, karatasi imekwisha.

Kaka yako,
Lemuel


Nashville, 2 Mei 1961

Kaka,

Salamu kwa wote, na pole kwa milango. Mama ananiambia goti limetulia. Mahakama imenizuia kutoka Tennessee mpaka kesi yangu isikilizwe, kwa hiyo mtakapokuwa Macon sitakuwepo, nisamehe.

Karatasi yako ilikwisha mahali pazuri sana. Ndani ya bahasha hii nimekutilia nyingine, tupu. Andika neno moja tu juu yake: utaivaa au hutaivaa.

Ardelia


Washington, 8 Julai 1961

Mdogo wangu,

Natumia karatasi yako uliyonitumia, maana sisi tuliolelewa na Mama hatutupi karatasi.

Tuko salama, tumelala kwa shemasi mmoja mwenye majogoo wawili katikati ya mji mkuu. Corinne amevimba miguu lakini anacheka. Gettysburg ni shamba kubwa, kimya, lenye mizinga iliyopakwa rangi. Nilidhani watoto watachoka. Clifton alimfuata mwenye kuongoza wageni kama kupe, na mwongozaji alipokosea jina la jenerali, mtoto akainua kidole.

"Samahani bwana, huyo siku hiyo alikuwa bado njiani."

Wageni wakageuka kumtazama. Mzungu mmoja mzee akaniuliza, "Huyu ni wako?"

"Ni wangu," nikasema. Ardelia, sijawahi kulisema neno hilo kwa sauti kubwa namna ile.

Leo tulikwenda kwenye sanamu ya Lincoln. Nadine alimkagua kuanzia viatu.

"Baba, mbona hasimami?"

"Amechoka."

"Kafanya nini?"

"Alitufungua," akasema Clifton.

"Sasa mbona Shangazi Ardelia wanamfunga?"

Shemasi mwenyeji wetu alijifanya anakohoa. Mimi nikanunua barafu tamu kwa kila mtu, nikamnunulia na shemasi.

Jioni Clifton alinishika mkono, mbele za watu, jambo ambalo ameliacha tangu atimize miaka tisa. Akasema hakuna baba yeyote darasani kwao aliyewahi kufanya jambo kama hili. Naandika haya ili ujue kwamba mtu anaweza kuwa na furaha katika nchi hii bila kuomba ruhusa ya chuo chako.

Kesho tunavuka daraja kuingia Virginia.

Lemuel


Macon, 18 Julai 1961

Ardelia,

Tumefika kwa Mama. Yeye hajambo, anakusalimu, anauliza kama jela wanakupa blanketi. Paa la nyuma linavuja. Nitaliziba kabla sijaondoka. Mafyulisi mwaka huu ni makubwa kama ngumi, Nadine ameyala mpaka tumbo likamkaza. Kanisani walinisimamisha nitoe neno, nikatoa. Yule mbwa wa jirani aliyekuwa akikufukuza amekufa.

Virginia ni nzuri. Jumba ni kubwa. Clifton hajambo.

Joto ni kali, hata kalamu inateleza mkononi.

Lemuel


Nashville, 22 Julai 1961

Kaka Lemuel,

Nimefurahi kwa ajili ya paa, na sikitiko langu kwa mbwa ni dogo.

Kutoka Washington ulinijazia ukurasa, na kila mstari una Clifton. Kutoka Macon umenipa fyulisi, paa, mbwa aliyekufa, na "Clifton hajambo." Mama amenipigia. Anasema tangu mfike mtoto hakuiti Baba. Anasema mtoto anakuja ulipo, anasubiri umwangalie, ndipo anasema anachotaka, na kuondoka. Anasema alimuuliza kwa nini, akajibu, "Si kitu, Bibi," akatazama dirishani.

Nini kilitokea Virginia?

Ardelia


Macon, 26 Julai 1961

Mdogo wangu,

Nimewaacha wote waende kanisani bila mimi ili nipate kuandika.

Ndiyo, niliivaa. Hilo ndilo neno ulilolitaka, limekufikia limechelewa.

Sikuwachukua watoto bila kuwaandaa. Majuma mengi kabla ya safari, kila Jumapili baada ya chakula, tulifanya mazoezi mezani kama katekisimu. Gari la nani? La Bwana Harrington wa Detroit. Linakwenda wapi? Savannah, kwa mkewe. Huyu mama? Mpishi wao. Na nyinyi? Watoto wa mpishi. Na huyu? Dereva. Nadine alikuwa akisahau na kucheka. Clifton hakusahau hata mara moja. Nilimsifu. Mungu anisamehe, nilimsifu.

Tulipokuwa juu ya daraja nikaitoa kofia chini ya kiti, nikaivaa, nikawaambia kwa mzaha ili nisiwatie hofu, "Haya, hapa Baba anashuka na Dereva anapanda. Atakayeniita Baba kabla sijasema tumefika salama, hapati barafu tamu." Wakacheka wote. Hata mimi.

Tulisimamishwa mchana kweupe, karibu na jumba lenyewe. Askari mmoja, kijana, mwenye uso wa kuungua na jua. Nikasema maneno yangu. Yalitoka vizuri, na "ndiyo bosi" zake zote. Akazunguka gari, akaligonga gonga, kisha akainama dirisha la nyuma.

"We boi. Huyu ni baba yako?"

"Hapana, bwana," akasema Clifton. "Ni dereva."

"Baba yako yuko wapi basi?"

Hilo, Ardelia, hatukulifanyia mazoezi. Nilimtazama kwenye kioo. Hakunitazama.

"Alikufa Korea, bwana. Alikuwa shujaa."

Basi yule askari akanyooka, akavua kofia yake, akaishika kifuani. "Pole, kijana," akasema. "Hata mimi kaka yangu alibaki kule." Akasimama hivyo kidogo, kwa heshima ya marehemu mimi. Kisha akaivaa, akanigeukia, akapiga teke tairi.

"Unangoja nini, boi? Endesha."

Nikaendesha.

Jumbani tulizungushwa vyumba. Mama mmoja wa Kizungu, mpole kabisa, alitueleza vijiko na mapazia, na kila penye watumwa alisema "watumishi". Clifton, aliyeichora nyumba ile mpaka karatasi zikaisha, hakuangalia ngazi wala dari. Tulipotoka akaomba kuona banda la magari ya farasi. Akamuuliza yule mama:

"Dereva wa rais alilala wapi?"

"Hapo juu, penye nyasi kavu, mpenzi."

"Alikuwa na watoto?"

"Bila shaka. Walikuwa wengi hapa."

"Mbele ya wageni walimwitaje?"

Yule mama akacheka, akasema swali hilo hajawahi kuulizwa. Clifton akabaki amesimama pale mlangoni, akilitazama gari la kale lisilo na farasi, mpaka Corinne akamvuta.

Tangu siku ile hajaniita. Haninunii, angeninunia ningejua la kufanya. Anafua soksi zake, anamsaidia Bibi yake, ananisogelea ananiambia, "Chakula tayari," bila jina mbele wala nyuma. Mimi nilipita Korea yote, na sijawahi kuogopa kitu kama ninavyoogopa mtoto wa miaka kumi kuniambia chakula tayari.

Uliniambia mapema. Furahi.

Lemuel


Nashville, 31 Julai 1961

Kaka yangu,

Sikufurahi. Nimelia, nikanawa uso, na sasa naandika nikiwa mkavu.

Unauliza bila kuuliza: mtoto atarudi? Nitakujibu. Clifton hakukutukana. Alifanya jambo la huruma kuliko hilo: alikutafutia kifo chenye heshima. Alimtazama mtu aliyevaa kofia, akamtazama baba aliyempenda, akaona hawawezi kukaa katika kiti kimoja, akachagua ni yupi azikwe na nishani zake. Kaka, mtoto alikuzika kwa sababu alikukuta umeshakufa!

Na nani aliyekuua? Utasema askari. Mimi nasema tumefundishwa kujiua wenyewe ili kuwapunguzia kazi. Tumeshona kofia, tumeandika katekisimu, tumewakalisha watoto mezani Jumapili, siku ya Bwana, tukawafundisha kumkana baba kabla jogoo hajawika. Kisha tunaita hiyo hekima. Tunaita hiyo kufika salama. Nani amefika? Amefika wapi? Gari limefika, Lemuel! Mwenye gari amebaki njiani!

Huku Nashville kuna wasichana wa miaka kumi na minane wanaomwagiwa sosi kichwani, wanaozimiwa sigara mgongoni, nao wanaketi wima kwenye viti vile. Si kwamba hawaogopi. Wameshauona uoga wa baba zao, wakauchoka.

Mtarudi Detroit kupitia Kusini hii hii, na mtaulizwa swali lile lile na watu wa aina ile ile. Bado unayo nafasi. Wakiuliza gari la nani, sema: "Langu." Wakiuliza watoto wa nani, sema: "Wangu." Maneno mawili, kaka. Ulilisema moja Gettysburg kwa mzee mpole. Liseme mbele ya anayeweza kukudhuru, ndipo litakuwa na thamani. Iache kofia kwa Mama akapandie vitunguu. Hakuna barafu tamu, hakuna fyulisi, hakuna kiwanja cha vita kitakachomrudisha mwanao. Ila hayo mawili.

Kwa upendo usio na subira,
Ardelia


Nashville, 3 Septemba 1961

Kaka yangu, shujaa wangu,

Amani ya Mungu iwe juu ya nyumba yako. Mama amenieleza: kwamba walikusimamisha kabla hamjafika kwenye uwanja wa vita, kwamba walikupiga, kwamba ulilala rumande siku mbili, na ulipotolewa Corinne akaendesha gari mpaka Detroit. Anasema uliumia kichwa. Kichwa kitapona, nimeona vingi vikipona. Lakini anasema pia kwamba ulisema. Kaka, ulisema!

Niliisoma habari yako kwa wenzangu, ukumbi ukasimama. Wengine walilia. Mwezi ujao tuna mkutano mkubwa wa vyuo vyote vya Kusini, nami nimepewa nafasi ya kuhutubia. Naomba ruhusa nikutaje kwa jina. Nataka kuanza hivi: "Nina kaka aliyevaa kofia, na nina kaka aliyeivua, na ni mtu mmoja." Nataka wasikie maneno yako mawili. Wapo maelfu wanaoyangoja.

Niandikie upesi. Na uniambie, kwa kuwa Mama hakulijua: Clifton alikuita?

Ardelia


Detroit, 15 Oktoba 1961

Ardelia mdogo wangu,

Usishangae mwandiko. Anayeandika ni Clifton, mimi nasema naye anafuata, na hapa ananiambia nisiharakishe.

Corinne hajambo. Ameajiriwa kufua mashuka hospitalini, usiku, anarudi mikono imelainika kama ya mtoto mchanga. Nadine amepata meno mapya, makubwa kuliko uso. Baridi imeanza.

Mimi jicho la kushoto limefunga kabisa. La kulia linatofautisha dirisha na ukuta. Daktari anasema huenda likafika mpaka kwenye nyuso, huenda lisifike. Kiwandani hakuna kazi ya mtu anayepapasa. Gari liko chini ya turubai uani.

Najua Mama amekusimulia, sitarudia. Walikuwa wawili, asubuhi, jua zuri. Mmoja aliuliza, nikamjibu kama ulivyoniagiza. Akauliza tena, taratibu, nadhani alikuwa akinipa nafasi. Nikajibu tena. Ulisema ni maneno mawili. Ulikuwa sahihi, yalitosha.

Umenyamaza tangu Julai. Kwa wengine ningesema ni shughuli. Kwako wewe, ambaye hata jela haikukunyamazisha, sijui niseme nini. Nilidhani ungeandika. Hata kwa ugomvi ningepokea. Lakini sikulaumu, barua ni mzigo na wewe una kazi kubwa zaidi.

Nimechoka, namwambia Clifton aishie hapa.

Kaka yako,
Lemuel

Shangazi Ardelia, shikamoo. Huyu sasa ni mimi, Clifton. Baba amekwenda kulala na hajui kwamba naongeza.

Bibi aliniambia mlifikiri nilimkasirikia Baba. Sikumkasirikia. Darajani alisema nisimwite Baba mpaka aseme tumefika salama. Virginia hakusema. Kwa Bibi vilevile hakusema, nami nikaona madirisha yako wazi na Wazungu wa duka la barafu wanapita, nikafikiri bado. Nilikuwa nafanya alivyonifundisha. Nilimwambia yule askari kwamba Baba amekufa ili aache kumuuliza. Na nilitaka kujua watoto wa yule dereva wa rais walifanyaje, kwa sababu wao walikaa miaka mingi na mimi nilikuwa na siku chache tu.

Asubuhi ile tulipoondoka kwa Bibi, mimi ndiye niliyeichukua kofia jikoni nikampelekea garini. Nikamnong'oneza, "Baba, ivae." Akasema, "Hapana mwanangu, kuanzia leo wewe una baba." Nikasema najua. Nilijua siku zote. Akanibusu, akaitupa kofia kwenye nyasi. Mfukoni alikuwa na barua yako.

Walipokuwa wanampiga nilimwita. Nilimwita mara nyingi sana. Mama amesema nisikuandikie hilo, lakini wewe uliuliza.

Barua zote zinazokuja hapa sasa nazisoma mimi. Ile yako ya Septemba, ya shujaa na mkutano na watu kusimama, sikumsomea. Niliisoma peke yangu uani, ndani ya gari, mara mbili. Ni barua nzuri sana, Shangazi. Ingemfanya aondoke tena kwenda Kusini. Kwa hiyo mwache afikiri umenyamaza.

Clifton